Nani alipie ushauri wa shamba? Njia nne za kuchangia gharama kwa wakulima wadogo wa Arusha na Kilimanjaro

Mwezi Februari ndio mwezi ambao vikundi vingi vya wakulima wa Arumeru, Hai na Moshi Vijijini hukaa kupanga msimu wa masika. Kwenye daftari la kikao utakuta mbegu, mbolea, dawa na trekta, kila kimoja na bei yake. Utakachokikosa ni ushauri, kana kwamba huo hushuka pamoja na mvua. Halafu mwezi Mei, nyanya zinapoanza kukauka majani, kila mtu hukimbilia kwa jirani, jirani naye hajui, na mwishowe wote hukutana kwenye duka la pembejeo, mahali ambapo ushauri ni bure lakini dawa si bure.

Makala haya yanalinganisha njia nne ambazo wakulima wadogo wanaweza kuzitumia kuchangia gharama ya taarifa za kilimo: kumlipa mtaalamu kwa mchango wa kikundi, kukatwa kiasi kwa kila kilo kupitia chama cha msingi cha ushirika, kuendesha shamba darasa, na kutumia simu ya kikundi. Sikumweka afisa ugani kama njia ya tano kwa sababu yeye tayari analipwa kwa kodi yetu, na mwaka 2022 Serikali iligawa pikipiki na vifaa vya kupimia udongo ili maafisa hao wawafikie wakulima kwa urahisi zaidi. Huyo aulizwe kwanza, kabla kikundi hakijachanga hata shilingi moja. Ila afisa mwenye kaya mamia hawezi kuwa kwenye tuta lako siku ileile mdudu alipoingia, na ndiyo maana swali la kuchangia huibuka.

Vigezo vya kulinganishia

Kigezo cha kwanza ni malipo na majira yake. Mkulima wa kahawa wa Kibosho au Machame huanza kupata fedha kuanzia Julai hivi, wakati ushauri wa mahindi ya tambarare anauhitaji Machi, baada tu ya Januari ya ada za shule kumkausha mfukoni. Njia nafuu inayodai fedha wakati usiofaa inaweza kuwa ghali kuliko njia ya bei kubwa inayosubiri mavuno.

Kigezo cha pili ni aina ya taarifa, na hiki ndicho ninachokipa uzito kuliko vyote. Ukijua kwamba udongo wa shamba lako una tindikali nyingi, jirani yako hafaidiki chochote kwa kulijua hilo. Ukijua kwamba bei ya vitunguu imepanda Namanga, mpakani na Kenya, kijiji kizima kitakuwa kimejua kabla ya magharibi, waliolipia na wasiolipia. Katikati ya hizo mbili upo ujuzi, kama ule wa kupogoa mibuni, ambao hata ukielezwa kwa saa nzima barazani hautaingia mkononi mpaka umeshika mkasi. Taarifa ya shamba moja, taarifa inayovuja na ujuzi wa mikono ni bidhaa tatu tofauti, na ugomvi mwingi wa vikundi hutokana na kuzilipia kwa utaratibu mmoja.

Vigezo vitatu vilivyobaki ni vifupi: uaminifu, yaani nani mwingine anamlipa huyo anayekushauri, wadandiaji, yaani kinachotokea kwa wasiochangia, na wanaoachwa nje, hata kama walikuwa tayari kuchangia.

Njia ya kwanza: mtaalamu wa kulipwa na kikundi

Hapa kikundi huafikiana na mtaalamu wa kilimo, mara nyingi mhitimu aliyejiajiri au mtumishi aliyestaafu, atembelee mashamba kwa ratiba na kupokea simu kati ya ziara.

Malipo na majira. Tuchukue mfano wa hesabu, ambao kila kikundi kitaweka tarakimu zake: mtaalamu anataka shilingi 50,000 kwa ziara, nauli ikiwemo, na mnahitaji ziara 6 kwa msimu. Hiyo ni shilingi 300,000. Mkiwa 20, kila mmoja anatoa 15,000. Watano wakijitoa katikati, waliobaki 15 wanapaswa kutoa 20,000, na hapo hao watano waliojitoa wanazaa wenzao, kwa sababu kila ongezeko la mchango humsukuma mwingine nje. Kwa hiyo fedha zikusanywe zote kabla ya ziara ya kwanza, jambo ambalo ni gumu Machi lakini ni rahisi kidogo kwa wanaomwagilia na kuvuna mara kadhaa kwa mwaka.

Aina ya taarifa. Njia hii inafaa sana pale tatizo linapobadilika kila wiki na linapohitaji jicho la mtu. Wakulima wa nyanya wanamfahamu kantangaze, nondo aliyeonekana nchini mwaka 2014 katika mkoa wa Arusha, ambaye funza wake hujichimbia ndani ya jani na ndani ya tunda na kukwepa dawa inayopuliziwa juu. Dhidi ya mdudu wa namna hiyo, tofauti kati ya kupulizia leo na kupulizia baada ya siku nne ni tofauti ya kreti nyingi, na hakuna kipeperushi kitakachokuambia shamba lako limefikia hatua gani.

Uaminifu. Kikundi kimoja cha nyanya nilichowahi kuwa katibu wake kilimlipa mtaalamu kwa misimu miwili kabla ya kugundua kwamba alikuwa pia anapata kamisheni kutoka kwa muuzaji mmoja wa dawa. Hakutudanganya, hatukuwahi kumwuliza. Tangu hapo nashauri mkataba wa ukurasa mmoja uwe na sentensi inayomtaka aseme ni nani mwingine anayemlipa, na kikundi kijizoeshe kuhakiki kama kiuatilifu alichokitaja kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ambayo makao yake yako hapo Ngaramtoni.

Wadandiaji. Wapo, lakini madhara yao ni madogo kuliko watu wanavyodhani. Jirani asiyechangia atasikia jina la dawa. Hatasikia sababu ya kuipulizia siku ile wala kipimo kilichotokana na hali ya shamba lenu. Tena akifanikiwa kumdhibiti mdudu kwake, nanyi mmepata nafuu, kwa kuwa nondo haulizi mpaka wa shamba. Sioni haja ya kumfukuza mtu aliyesimama ng'ambo ya senyenge akisikiliza.

Wanaoachwa nje ni wale wenye robo ekari, ambao mchango wa usawa huwalemea. Kuchangia kwa ukubwa wa eneo badala ya kwa kichwa huondoa sehemu ya tatizo, ingawa wenye maeneo makubwa hudai ziara ndefu zaidi, na kwa kweli wana haki.

Njia ya pili: makato ya kilo kupitia chama cha msingi

Mlima Kilimanjaro una historia ndefu ya jambo hili. Wakulima wa kahawa waliunda chama chao cha KNPA mwaka 1925 kulinda maslahi yao, chama kikuu cha ushirika cha KNCU kikafuata mwaka 1933, na kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungo kilianza mwaka 1934. TaCRI, taasisi inayoendesha utafiti huo hapo Lyamungo tangu mwaka 2001, ilijengwa juu ya wazo kwamba wadau wa kahawa wenyewe wachangie utafiti wa zao lao. Wanachama wa chama cha msingi wanapokubaliana kukata kiasi kidogo kwa kila kilo ili kulipia mafunzo, miche ya mfano na ziara za wataalamu, wanafuata njia iliyokwisha kukanyagwa.

Malipo na majira. Hapa ndipo njia hii inapozishinda nyingine kwa wepesi. Tuseme mkutano mkuu umeamua shilingi 20 kwa kilo ya kahawa ya maganda: mwenye kilo 150 anatoa shilingi 3,000, mwenye kilo 1,000 anatoa 20,000, na chama kinachokusanya tani 40 kinapata shilingi 800,000. Hakuna anayepitisha daftari nyumba kwa nyumba, na hakuna anayetoa fedha kabla hajauza. Mwaka wa mavuno hafifu mfuko hupungua, nao ndio mwaka ambao ushauri unahitajika zaidi. Kwa hiyo sehemu ya makato ibaki akiba.

Aina ya taarifa. Makato yanafaa kwa taarifa inayovuja na yenye manufaa kwa wote wanaolima zao lilelile: tahadhari ya ugonjwa, utaratibu mpya wa ubora, habari za aina za kahawa za TaCRI zinazostahimili chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya mbuni, na kutu ya majani. Hayafai kumjibu mtu mmoja swali la shamba lake. Mama wa Uru anayetaka kujua kwa nini migomba yake inanyauka katikati ya mibuni atasubiri ziara ya chama mpaka atachoka.

Uaminifu. Mshauri hana dawa ya kuuza, na hilo ni jema. Wasiwasi unahamia kwa uongozi wa chama. Mkulima aliyekwisha kuona karatasi ya malipo yenye makato sita asiyoyaelewa hatalifurahia la saba, hata likiitwa elimu. Vyama vya ushirika hukaguliwa na COASCO, shirika la umma la kukagua hesabu za ushirika, na mwanachama ana haki ya kusomewa hesabu kwenye mkutano mkuu, lakini haki hiyo hutumika tu pale makato ya ushauri yanapoandikwa kwenye mstari wake peke yake na si kumezwa na "gharama za uendeshaji".

Wadandiaji wanaozaliwa na njia hii ni wa namna ya pekee: mkulima anayehudhuria mafunzo kisha anauza kahawa usiku kwa mnunuzi wa mlangoni ili akwepe makato. Makato yakiwa makubwa, mlango huo hupanuka. Ni bora kuanza na kiasi kidogo kiasi cha kutomshawishi mtu kutembea na gunia gizani.

Wanaoachwa nje ni wengi kuliko inavyosemwa. Uanachama mara nyingi uko kwa jina la baba mwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, ilhali palizi, uvunaji na kazi kubwa ya kuanika hufanywa na mama. Barua ya mafunzo huja kwa jina lake baba, naye huhudhuria, hula chakula cha mchana, na anachokumbuka jioni ni chakula.

Njia ya tatu: shamba darasa

Shamba darasa lilianza kwa wakulima wa mpunga nchini Indonesia mwaka 1989, chini ya mpango wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, wa kudhibiti wadudu bila kutegemea dawa tupu. Wakulima 20 hadi 30 hukutana kila wiki kwenye shamba moja, tangu kupanda hadi kuvuna, wakilinganisha kitalu kinacholimwa kwa mazoea na kitalu kinacholimwa kwa mbinu mpya, wakihesabu wadudu, wakipima urefu wa mimea, na kujadili hatua inayofuata.

Malipo na majira. Fedha taslimu ni kidogo: mbegu, mbolea ya kitalu, nauli ya mwezeshaji. Gharama halisi ni muda, na watu hawaihesabu. Wanachama 25 wakikutana saa 3 kwa wiki 16 wametoa saa 1,200. Kwa mama wa mlimani anayeshuka tambarare kukata majani ya ng'ombe na kupanda nayo kichwani, saa tatu si mchango mdogo kuliko shilingi 15,000. Siku ya darasa isigongane na siku ya soko. Pale Tengeru, kwa mfano, Jumatano na Jumamosi hampati mtu.

Aina ya taarifa. Kwa ujuzi wa mikono na macho sijaona njia iliyo bora. Mkulima aliyekwisha kuona kitalu kisichopuliziwa kikiponywa na wadudu rafiki hahitaji kushawishiwa tena. Kwa bei ya wiki hii au mlipuko wa leo, hapana. Darasa halina mbio hizo.

Uaminifu uko juu kwa sababu shamba lenyewe ndilo shahidi, ilimradi mbegu za kitalu zisiwe za kampuni moja iliyojitolea "kusaidia". Wadandiaji karibu hawapo: mtu hawezi kuiba mazoezi ya wiki 16. Wanaoachwa nje ni vibarua, wazee wasioweza kutembea mbali, na vijana wanaoendesha bodaboda mchana.

Njia ya nne: simu ya kikundi

Njia hii ina sura mbili. Ya kwanza ni huduma zilizopo tayari, kama M-Kilimo ya Wizara ya Kilimo na utabiri wa msimu ambao Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa kabla ya masika na vuli. Ya pili ni simu janja moja ya kikundi, yenye bando linalolipiwa kwa zamu, mikononi mwa mtu aliyechaguliwa kupiga picha za mimea, kuuliza, na kurudisha majibu.

Malipo na majira. Gharama ni ndogo mno, na hilo ndilo linaloidanganya mioyo ya watu. Bando la mwezi likigawanywa kwa watu 20 halifiki hata bei ya soda, lakini mtu anayeshika simu anafanya kazi ya kila siku, na baada ya miezi mitatu huchoka. Mlipeni kitu, hata kama ni kulimiwa nusu siku.

Aina ya taarifa. Bei, mvua na tahadhari hupita hapa haraka kuliko kwingine kote. Ila bei ihojiwe. Ukiambiwa gunia la vitunguu soko la Kilombero, Arusha, ni kiasi fulani bila kuelezwa ni gunia la kawaida au lumbesa, yaani lililojazwa kupita kipimo, umeambiwa nusu ya habari. Ukiambiwa bei ya tenga la nyanya soko la Mbuyuni, Moshi, bila gharama ya gari na ushuru, umeambiwa robo. Picha ya jani nayo ina mipaka, kwa kuwa njano ya kukosa naitrojeni na njano ya virusi huweza kufanana kwenye kioo kilichopasuka.

Uaminifu ni dhaifu kuliko wa njia zote, hasa kwenye makundi ya WhatsApp ambako ujumbe uliosambazwa mara nyingi hauna baba. Kanuni moja hutosha: jibu lolote linalotaja dawa litaje pia nani amelisema.

Wadandiaji hawazuiliki, na kujaribu kuwazuia ni kupoteza usingizi. Taarifa ya bei ikishasemwa, imesemwa. Wanaoachwa nje ni wenye simu ndogo za kitochi na wasiosoma vizuri. Kwao, kusoma ujumbe kwa sauti baada ya ibada ya Jumapili au Ijumaa kunafanya kazi ambayo simu haifanyi.

Kipimo cha udongo: changieni safari, si sampuli

Maabara zipo karibu, Lyamungo kwa upande wa Moshi na Selian kwa upande wa Arusha, na vikundi huvutiwa na wazo la kuchanganya udongo wa mashamba kumi kwenye mfuko mmoja ili kulipa ada moja. Msifanye hivyo. Familia nyingi za Kilimanjaro zina kihamba mlimani na shamba la mahindi tambarare, na udongo wa sehemu hizo mbili hautofautiani kwa rangi tu. Wastani wake hauelezi shamba lolote lililopo duniani. Kila shamba litoe sampuli yake: udongo kutoka vijishimo 10 hadi 15, kina cha sentimita 20 kwa mazao ya msimu, uchanganywe kwenye ndoo safi ya plastiki, kisha ichukuliwe nusu kilo hivi. Kinachogawanyika vizuri ni nauli ya anayepeleka mifuko yote siku moja, na ada ya mtu atakayekuja kuwasomea majibu.

Kuchagua kwa hali yako

Ikiwa mnalima nyanya, pilipili hoho au mboga za kumwagilia kwa ajili ya soko, kama wafanyavyo wengi Ngarenanyuki, na mnaingiza fedha zaidi ya mara moja kwa mwaka, anzeni na mtaalamu wa kulipwa kwa msimu mmoja, mchango uwe kwa eneo, na mkataba utaje anayemlipa pembeni. Mitego ya kantangaze mnaweza kuigawana hata na wasio wanachama, kwa kuwa mtego wa jirani ni taarifa kwenu pia.

Ikiwa ninyi ni wakulima wa kahawa wenye chama cha msingi ambacho watu bado wanakiamini, makato ya kilo yanafaa, mradi yapitishwe na mkutano mkuu, yawe kwenye mstari wake, na barua ya mafunzo itaje nafasi mbili kwa kila kaya. Ikiwa chama chenu kina madeni au malipo ya pili ya msimu uliopita bado hayajaonekana, msiongeze makato yoyote kwa sasa. Kundi la majirani kumi na mtaalamu mmoja litakwenda mbali zaidi.

Ikiwa mnahamia zao msilolifahamu, mathalani kutoka mahindi kwenda parachichi, au mnataka kupunguza dawa, muda wa shamba darasa hautapotea. Mkiwa na vibarua wengi kati yenu, lifanyeni kila baada ya wiki mbili na mkubali kwamba mtajifunza polepole zaidi.

Ikiwa tatizo lenu ni kuuza tu, na shambani mambo si mabaya, simu ya kikundi yatosha: mtu mmoja Tengeru, mmoja Kilombero, na makubaliano ya kipimo kinachotumika kutaja bei.

Na ikiwa kikundi chenu ni kipya, hakijawahi kuchanga hata kwa ajili ya msiba, msianze na njia yoyote inayohitaji mfuko mkubwa. Pelekeni sampuli za udongo pamoja kabla ya masika, kila mtu alipie wake na nauli igawanywe, kisha mwone ni nani aliyeleta fedha siku iliyopangwa. Majina hayo ndiyo ya kuanza nayo mwezi Julai.